Jeni, mbu na kompyuta: kisa kilichoanzia huku kwetu Pwani

Najua nimepotea kitambo. Kazi zilinizonga, na stima ya huku Mtopanga nayo ina mambo yake. Leo siandiki juu ya simu mpya wala programu ya kupakua. Nataka kuandika historia, ya jeni na ya kompyuta kwa pamoja, kwa sababu ya swali moja nililoulizwa nyumbani nikakosa la kujibu.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja jioni nilikuwa nimekaa sebuleni naandika programu ndogo kwa lugha ya Python. Programu yenyewe inaiga kijiji cha watu 10,000. Kila mtu ana nakala mbili za jeni moja, moja ya baba na moja ya mama. Wanaoana, wanazaa, wengine wanakufa mapema, kizazi kinafuata kizazi. Jeni niliyoichagua ni ya selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita sikoseli. Mdogo wangu wa kike akaja na chai, akasimama nyuma yangu akisoma kioo. Yeye anasomea uhasibu, lakini mimi hupenda kuandika maelezo ya programu zangu kwa Kiswahili, na mstari mmoja aliuelewa vizuri sana: mtoto mwenye nakala mbili za S, mwondoe.

"Kaka," akasema, "huyu unayemwondoa si ndio mimi?"

Nikamwambia ni hesabu tu. Jibu baya, najua. Akaweka chai mezani akaenda zake.

Mdogo wangu ana selimundu. Tangu akiwa mtoto miguu na mikono ilimuuma hadi analia usiku kucha, macho yakawa ya manjano, na kila mwaka alilazwa hospitali angalau mara moja. Kwa muda mrefu tuliambiwa ni malaria. Kisha kliniki moja ikasema ni baridi yabisi. Majirani nao walikuwa na lao, kwamba mtoto amechezewa. Alipofikisha miaka sita ndipo daktari mmoja akaagiza kipimo cha damu kinachostahili, na jina likapatikana. (Aliyebuni neno hili, kwa kuunganisha "seli" na "mundu", namtakia heri. Chembe nyekundu ya damu ambayo kawaida ni mviringo hujipinda ikawa na umbo la mundu, ikanasa kwenye mishipa myembamba. Neno limebeba elimu yote hiyo ndani yake.)

Kilichowashangaza wazazi wetu ni hiki: baba ni Mluo, kwao ni karibu na Kisumu, alikuja Mombasa kutafuta kazi bandarini. Mama ni Mgiriama. Koo zao hazina uhusiano wowote unaojulikana, lugha zao haziko hata katika familia moja. Mama alikuwa akiuliza, ugonjwa wa kurithi utatokaje kwa watu wawili wasiohusiana, na wote wawili wazima? Swali hilo la mama, bila yeye kujua, ndilo lililomsumbua kijana mmoja wa chuo mwaka 1949. Tuanzie hapo.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini alikulia Kenya, kwenye shamba la wazazi wake huko Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alirudi na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu, yeye akachukua damu za watu. Nia yake ilikuwa kulinganisha makundi ya damu ya makabila mbalimbali ili aone nani ana undugu na nani. Njiani akapima pia selimundu. Kipimo cha wakati huo kilikuwa rahisi: unainyima damu oksijeni, unaitazama kwa hadubini, na za watu wenye jeni hiyo zinajipinda.

Matokeo hayakufuata ukoo hata kidogo. Hapa Pwani, na kule kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katikati, kwenye nyanda za juu zenye baridi na sehemu kame, walikuwa chini ya mmoja katika 100. Sasa fikiria ramani ya Kenya. Mtu akipanda basi Mombasa kwenda Kisumu, jeni ipo anapoanza safari, inapotea anapopanda milima, kisha inarudi anaposhuka ziwani, kwa watu wengine kabisa wenye lugha nyingine. Kitu gani kinapatikana Mombasa na Kisumu ambacho Nyeri hakuna? Kila aliyewahi kulala bila chandarua Kisauni analo jibu. Mbu, na malaria anayoileta.

Allison akaondoka na wazo hilo, akamaliza udaktari wake kwanza, akarudi mwaka 1953 kulipima. Karibu na Kampala alichunguza watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na nakala moja ya jeni ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikutwa navyo 113. Yaani asilimia 28 kwa 46. Halafu akafanya jambo ambalo leo hakuna kamati ingelipitisha: aliwachukua Waluo 30 wa kujitolea, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Wasio nayo waliugua 14. Wenye nayo waliugua 2. Nikimsomea baba hesabu hii alikaa kimya, kisha akauliza kama wale watu walitibiwa. Walitibiwa. Lakini swali lake lilikuwa la haki.

Makala zake zilitoka mwaka 1954. Zilikuwa kati ya ushahidi wa mwanzo kabisa ulio wazi kwamba uteuzi wa asili, ule wa Darwin, unafanya kazi kwa binadamu, na ulipatikana kwenye damu za watu wa Afrika Mashariki. Mimi nilimaliza shule na digrii ya kompyuta bila kuambiwa hivyo hata siku moja. Tulifundishwa shingo ya twiga.

Nieleze kidogo jeni yenyewe, maana kwa sisi tunaoandika programu ni kisa cha kutisha. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, hutengenezwa kwa kufuata maandishi ya DNA yenye herufi nne tu: A, C, G na T. Herufi husomwa tatutatu. Kwenye jeni ya sehemu moja ya hemoglobini kuna mahali palipofaa kuandikwa GAG, pakaandikwa GTG. Herufi moja tu. Mwaka 1949, mwaka uleule wa msafara wa Allison, Linus Pauling na wenzake Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya wengine, na miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote ni kiungo kimoja katika mnyororo wa protini. Aliyewahi kukesha akitafuta nukta iliyokosewa kwenye programu ataelewa nilivyojisikia nikisoma haya.

Mwenye nakala mbili nzima tumwite AA. Mwenye moja nzima na moja ya selimundu ni AS, naye kwa kawaida huishi bila kuugua. Mwenye mbili za selimundu ni SS, kama mdogo wangu. Wazazi wetu wote wawili ni AS. Kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne kuwa SS. Mimi nilipokwenda kupimwa mwaka jana nilidhani nafasi yangu ya kuwa AS ni nusu. La, ni theluthi mbili, kwa sababu najua tayari mimi si SS, kwa hivyo zimebaki nafasi tatu na mbili ni za AS. Nilitoka AS. Mchumba wangu naye amekubali kwenda kupimwa kabla hatujapanga mambo mengine, na hapo sitaandika zaidi.

Sasa turudi kwenye swali la historia. Kama SS walikuwa wakifa wadogo, na zamani karibu wote walikufa, jeni ilipaswa kuisha. Mbona haikuisha? Jibu la hesabu lilikuwepo hata kabla ya Allison. Ronald Fisher, Mwingereza wa takwimu, alionyesha mwaka 1922 kwamba mwenye mchanganyiko akiwa na nguvu kuliko wote wenye nakala zinazofanana, basi hakuna nakala itakayoishinda nyenzake. Zitasawazika mahali fulani na kukaa hapo. Hilo ndilo nililokuwa nikiliiga kwenye programu yangu. Niliamua, kwa kukadiria tu, kwamba katika kila AA 100 malaria inaua 10 kabla hawajazaa, AS haimuui hata mmoja, na SS wote wanakufa. Nikaanza na jeni ya S chache mno. Ikapanda, ikapanda, halafu ikasimama kwenye moja ya kumi na moja, ikawa inayumbayumba hapohapo vizazi kwa vizazi. Ukipiga hesabu, hapo asilimia 16 na nusu ya watoto wanazaliwa AS, na mmoja katika kila 121 anazaliwa SS. Kilifi, ng'ambo ya mkondo wa Mtwapa kutoka hapa kwetu, wenye AS ni asilimia 15 hivi. Sikutegemea namba zangu za kubahatisha zikaribie hivyo.

Lakini kompyuta imeingiaje? Sikilizeni, maana hapa pananoga.

Mwaka uleule wa 1953, Allison akiwa na sindano zake Uganda, na Watson na Crick wakitangaza umbo la DNA kule Cambridge, mtu mmoja aitwaye Nils Aall Barricelli alikuwa Princeton, Marekani, akitumia kompyuta ya John von Neumann. Kompyuta hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti tano. Picha moja ya simu yako haiingii hapo hata ukiikata vipande mia. Barricelli alipewa saa za usiku. Akazijaza kumbukumbu hizo namba za kubahatisha, akazipa kanuni za kujinakili na kusongana, akaziacha zipambane. Zikaanza kuungana katika makundi yanayozaana. Na jambo ambalo nalipenda kuliko yote, zikatokea namba vimelea, ambazo zilijinakili kwa kuzitegemea nyingine. Hakuna aliyeziandika ziwe hivyo. Mapema hivyo, tayari kompyuta ilikuwa na malaria yake.

Mwaka 1957 mtaalamu wa jeni huko Australia, Alex Fraser, akaanza kuiga urithi kwa kompyuta kama nilivyofanya mimi. Lakini aliyeligeuza wazo hili kuwa zana ya kazi ni John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan. Akiwa mwanafunzi alikutana maktabani na kitabu cha Fisher cha mwaka 1930 kuhusu jeni na uteuzi wa asili, akajiuliza kama hesabu zile zinaweza kuifundisha mashine. Kitabu chake mwenyewe kilitoka mwaka 1975. Kwa hiyo sisemi kwamba Holland aliazima kwa Allison. Ninachosema ni kwamba Fisher ni kama babu mwenye wajukuu wawili, mmoja akaenda Afrika Mashariki na mmoja akaingia kwenye kompyuta, na mbele tutaona wanakutana tena.

Kwa wasiofahamu, algoriti ya kijenetiki ya Holland inafanya hivi. Tuseme kuna boda boda wa Kongowea anayetaka kuchagua mizigo. Kila mzigo una uzito na malipo yake, na pikipiki ina mwisho wa kubeba. Andika mstari wa sifuri na moja, moja ikiwa na maana ya "beba" na sifuri "acha". Mstari huo ndio kromosomu. Tengeneza mistari 200 ya kubahatisha. Ipe kila mmoja alama kwa pesa inayoleta. Yenye alama nyingi iruhusu izae: kata mistari miwili mahali pamoja, unganisha kichwa cha huyu na mkia wa yule. Mara mojamoja geuza herufi moja bila sababu. Rudia. Baada ya vizazi kadhaa unapata uchaguzi mzuri ambao hukuufikiria wewe. Kwa njia hii NASA ilipata umbo la antena ya vyombo vyake vya ST5 vilivyorushwa mwaka 2006, antena iliyopindapinda kama waya uliokanyagwa na gari.

(Msichanganye na "urithi" wa lugha kama Java. Ule ulitoka Norway, kwenye lugha ya Simula 67 ya Dahl na Nygaard, na ni urithi wa upande mmoja: darasa lina mzazi mmoja tu, linachukua kila kitu chake. Hakuna mama na baba, hakuna kuchanganya. Ukitaka kulinganisha, unafanana zaidi na kurithi shamba kuliko kurithi damu.)

Ila mashine ya Holland ina ugonjwa wake, na kila aliyeijaribu ameuona. Baada ya muda mistari yote inafanana. Mshindi mmoja amezaa kijiji kizima. Kama hali haibadiliki, sawa. Lakini kesho askari wakisimama barabarani na mzigo unaoruhusiwa ukapungua, kijiji kizima hakijui la kufanya. Yale yaliyofaa kwa mzigo mdogo yalitupwa zamani kwa sababu yalikuwa na alama mbaya.

Mwaka 1987 David Goldberg na Robert Smith walijaribu dawa, na dawa yao ndiyo iliyoko ndani yetu sote. Badala ya mstari mmoja, kila mkazi wa kompyuta akapewa miwili, kama sisi wenye nakala ya baba na ya mama, pamoja na kanuni ya ipi itawale. Walitumia tatizo la mizigo kama la boda boda wetu, huku uzito unaoruhusiwa ukibadilika kwenda na kurudi. Wenye mstari mmoja walihangaika kila hali ilipogeuka. Wenye miwili walikuwa wamebeba jibu la zamani kimyakimya kwenye nakala isiyotawala, wakalitoa lilipohitajika. Niliposoma makala hiyo chuoni nilifikiria mitihani tu. Nilipoisoma tena mwaka jana, nikiwa na karatasi yangu ya AS mfukoni, ilikuwa makala nyingine.

Kisha akaja Danny Hillis. Mwaka 1990 alichapisha jaribio alilolifanya kwenye kompyuta yenye vichakataji 65,536. Alitaka mpango mfupi wa kupanga namba 16 kutoka ndogo hadi kubwa kwa kulinganisha mbilimbili. Binadamu bora alikuwa ameshapata mpango wa ulinganisho 60, tangu mwaka 1969. Mipango ya Hillis nayo ilikuwa na kromosomu mbilimbili. Akaiacha izaane, ikafika 65 ikagoma. Ikabweteka, kama mtu aliyepata kazi ya kudumu. Hapo akaleta vimelea. Mitihani ya kuipima mipango hiyo nayo ikawa inazaana, na mtihani unapata alama kila unapoushinda mpango. Mpango ukijirekebisha, mtihani nao unatafuta udhaifu mwingine. Ikashuka hadi 61. Mbu, kwa maneno mengine, ndiye aliyeifanya kazi ambayo uteuzi peke yake ulishindwa.

Na hapa ndipo wajukuu wa Fisher wanakutana tena, Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Huko walifuatilia watoto kwa miaka, na mwaka 2005 wakachapisha kwamba nakala moja ya selimundu inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Mwaka uleule wakatoa jambo la ajabu zaidi. Pwani kuna jeni nyingine inayokinga malaria, ya talasemia ya alfa. Kila moja peke yake inasaidia. Mtoto akizipata zote mbili, kinga inakaribia kutoweka. Viraka viwili vizuri vimegongana! Nimewahi kuweka viraka viwili vya usalama kwenye seva ya mteja usiku mmoja, kila kimoja kimejaribiwa peke yake, na asubuhi tovuti haifunguki. Tulilaumiana wiki nzima.

Vimelea navyo havikulala. Mwaka 2022 watafiti waliosoma jeni za watoto wa Gambia na Kilifi pamoja na jeni za malaria iliyowaugulisha, walitangaza kwamba wapo vimelea wenye mabadiliko fulani ambao wanawaugulisha hata wenye selimundu. Mtihani umetafuta udhaifu wa mpango. Hillis alikuwa ameuona mchezo huo kwenye mashine yake miaka 32 kabla.

Kwa hiyo ukiniuliza leo kama S ni kosa la uandishi au ni kiraka, nitakuuliza wewe uko wapi na mwaka gani. Nyeri haina kazi, ni hasara tupu. Pwani ya babu zetu, ilikuwa sababu ya watoto wengi kufika umri wa kuzaa, mimi nikiwemo mwishoni mwa foleni hiyo. Alama haikuandikwa kwenye jeni, imeandikwa kwenye mazingira. Na mazingira ya Pwani yamebadilika. Vyandarua vyenye dawa vimeenea, dawa zimeboreka, malaria ya sasa si ile ya enzi za Allison. Niliiambia programu yangu: zima malaria yote leo usiku. Jeni ikatoka moja ya kumi na moja ikawa moja ya kumi na mbili, kizazi kinachofuata moja ya kumi na tatu, na kuendelea hivyo. Kupungua hadi nusu kunachukua vizazi 11. Kwa miaka 25 kila kizazi, ni miaka 275. Mbu akiondoka, deni lake tutaendelea kulilipa kwa karne karibu tatu, na wanaolilipa ni watu kama mdogo wangu. Nakala mbili hazimkingi. Malaria ndiyo kati ya vitu vya kumuogopesha zaidi, kwa jinsi inavyoimaliza damu ambayo tayari ni haba.

Nikarudi kwenye ule mstari wake. SS, mwondoe. Nilikuwa nimeandika sifuri kwa sababu vitabu vya hesabu huandika sifuri, na kwa karne nyingi ilikuwa kweli. Lakini mwenye sifuri alikuwa jikoni anapika mahamri. Utafiti uitwao REACH ulifanyika Angola, Kongo, Uganda na hapa Kilifi, kwa watoto wa selimundu waliopewa dawa ya hydroxyurea, na matokeo yalitoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Yeye mwenyewe anaitumia tangu akiwa sekondari. Bei inauma, kuna miezi tunachanga nyumba nzima, lakini kulazwa kwake mara ya mwisho ni zaidi ya miaka miwili iliyopita. Mwakani anamaliza chuo.

Basi nikaigeuza ile sifuri kuwa namba inayobadilika, inayoanza sifuri mwaka 1900 na kupanda kadiri matibabu yanavyopatikana. Ukiifikisha moja, yaani SS anaishi na kuzaa kama mtu yeyote, na malaria umeizima, jeni haiongezeki wala haipungui. Inabaki moja ya kumi na moja, siku zote. Nilimwita aje aone mstari wa grafu ulivyolala. Akauangalia, akauliza kwa nini mwaka wake wa kuzaliwa nimeweka namba ndogo hivyo. Nikamwambia ndiyo hali ilivyokuwa. Akasema niongeze, kwa sababu yeye yupo.

Programu ninayo, ni mistari 140 tu na maelezo yake yote ni ya Kiswahili. Anayeitaka aniandikie nitamtumia.